Nairobi Iliyolala kwa Mlio wa Garimoshi

Usiku wa mwanzo wa reli haukumliwaza mtu. Mwaka 1898, makuli waliotoka Uhindi walipokuwa wakijenga daraja la mto Tsavo, sauti waliyoisubiri kila jua likitua ilikuwa ya simba. Walikuwa wawili, madume yasiyo na manyoya ya shingo, na kuanzia Machi hadi Desemba walizunguka kambi wakiwachomoa watu mahemani. John Henry Patterson, mhandisi aliyesimamia daraja lile na ambaye mwishowe aliwaua wote wawili, alieleza kwamba ngurumo zao hazikutisha sana zikiwa bado zinasikika. Kilichotia watu baridi ya moyo ni pale zilipokatika, maana hapo kila mtu alijua simba wameshafika. Basi walinzi wakawa wanapaziana sauti gizani, kambi kwa kambi, kuonyana.

Miaka miwili baadaye, Juni 1900, maafisa watatu walilala ndani ya behewa lililoegeshwa katika stesheni ndogo ya Kima ili wamvizie simba mwingine aliyezoea nyama ya watu. Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alishika zamu ya kulinda na usingizi ukampitia. Simba aliingia behewani, akamchukua, akatoka naye dirishani. Behewa hilo bado lipo, limewekwa katika Makumbusho ya Reli Nairobi, na mtu akilitazama dirisha lenyewe hushangaa jinsi lilivyo dogo.

Nimeanza na simba kwa sababu siku hizi imekuwa desturi kusema kuwa mlio wa treni usiku unaliwaza, kana kwamba chuma kina huruma yake ya asili. Hakina. Watu wa Nairobi walifundishwa kuupenda mlio ule, na mwalimu wao alikuwa kazi.

Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Hakuna aliyepachagua kwa uzuri. Palikuwa na kinamasi, mbu na matope, na madaktari hawakukosa la kulalamikia. Lakini palikuwa na maji, na ndipo palipokuwa na tambarare ya mwisho kabla njia haijaanza kupanda kuelekea Limuru na kisha kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Kabla ya mlima, garimoshi halina budi kusimama: injini inywe maji, mabehewa yapunguzwe au yapangwe upya, pengine kichwa cha pili kiongezwe. Julai mwaka huo huo makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa hadi hapo. Kwa hiyo kabla Nairobi haijawa mji, kabla ya gavana na kanisa na soko la maana, ilikuwa yadi ya kupanga mabehewa.

Yadi ya reli hailali. Mizigo inayopanda kutoka bandarini haichagui saa ya kufika, na treni itakayoondoka alfajiri ni lazima iungwe usiku. Injini ndogo husukuma behewa moja upande huu, mawili upande ule, na kila yanapogongana kishindo hukimbia kutoka la kwanza hadi la mwisho, kikififia kadiri kinavyokwenda. Baadaye huja mtu mwenye taa na nyundo ya mpini mrefu. Anatembea kando ya treni iliyosimama, anagonga gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti butu, fupi, na hapo behewa hutolewa kwenye safu bila kujali limebeba mzigo wa nani. Kazi yake yote ilikuwa sikioni. Nafikiri huyu ndiye mwanamuziki wa kwanza wa usiku wa Nairobi, ingawa hakuna aliyemwita hivyo wala kumlipa kwa jina hilo.

Wafanyakazi waliwekwa karibu na yadi. Shirika la reli lilijenga landi, yaani nyumba za wafanyakazi wake, huko Muthurwa, na baadaye mtaa wa Makongeni, upande wa mashariki wa stesheni. Jina la landi limebaki hadi leo katika Barabara ya Landhies na mtaa wa Landi Mawe. Vyumba vilikuwa vidogo, mabomba na vyoo vya pamoja, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika mjini kuwa mtu wa kupita tu: afanye kazi, apokee mshahara, arudi kwao. Wake na watoto walikuja hata hivyo. Chumba kilichokusudiwa mwanamume mmoja kikawa nyumba, pazia likagawa kitanda na jiko.

Kulikuwa na sababu ya kuwaweka karibu hivyo, nayo haikuwa ukarimu. Dereva na mwenzake wa kuchochea moto huhitajika saa yoyote, na enzi hizo simu haikuwa kitu cha kuwekwa katika chumba cha landi. Kama ilivyokuwa desturi ya reli nyingi, alikuwako mtu wa kuita, aliyepita mlango hadi mlango usiku na orodha yake mkononi. Hodi saa nane usiku, mtu anaamka, anavaa, anachukua kikapu cha chakula, anatoka. Mkewe anabaki macho. Baada ya muda atasikia kichwa kikitoka karakana, kipenga kifupi, kisha mabehewa yakinyooka mnyororo kwa mnyororo, na ule mpumuo mzito wa kwanza. Hapo anajua mume ameondoka salama na treni ni nzima. Anaweza kulala.

Hivi ndivyo sauti ile ilivyojifunzwa. Kwa mgeni aliyelala hotelini ilikuwa kelele moja tu, lakini kwa mtu wa Makongeni ilikuwa taarifa. Treni ya Kisumu ikiondoka jioni ilikuwa na maana nyumbani kwa wengi, kwa kuwa wafanyakazi wengi wa reli walitoka Nyanza na upande wa Magharibi. Njia iliyofika ziwani Desemba 1901 ndiyo iliyobeba barua zao, pesa walizotuma, watoto waliokwenda kwa bibi likizo, na ndiyo iliyoleta mtama, samaki wakavu na habari za msiba. Sauti hiyo iliwahakikishia kwamba njia ya kwao bado iko wazi, na katika mji uliokuwa ukiwakumbusha kila siku kwamba si wao, hilo halikuwa jambo dogo.

Hata hali ya hewa ilisaidia. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Jua likishazama, ardhi hupoa haraka na kuipoza hewa iliyo karibu nayo, huku hewa ya juu ikibaki na joto kiasi. Mchana huwa kinyume: hewa ya chini ndiyo ya moto, na sauti inapotoka huinuka na kupotelea angani. Usiku, sauti inayopanda hukutana na hewa ya joto, hujipinda, na kurudi chini mbali na ilikotoka. Ongeza hapo kwamba mikokoteni, mabasi na watu wamenyamaza. Ndiyo maana kipenga kilichopigwa upande wa Embakasi, ambacho mchana usingekisikia kabisa, saa tisa usiku kilifika hadi kitandani kwako kama kimepigwa nyuma ya choo. Wengi wetu tuliokulia karibu na njia hiyo tuliamini treni za usiku hupita karibu zaidi.

Enzi ya fahari ya sauti hizi ilikuja miaka ya 1955 na 1956, zilipowasili injini 34 za mvuke kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester. Ziliitwa daraja la 59, za aina ya Garratt, na hakuna injini za mvuke za reli ya mita moja zilizozizidi nguvu popote duniani. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi na iliweza kuvuta mzigo wa tani 1,200 kutoka pwani hadi Nairobi, safari ya kilomita kama 530 inayopanda karibu njia nzima. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki: Kenya, Meru, Elgon, Kilimanjaro, Ruwenzori, Gelai, Shengena.

Garratt si injini ya kawaida. Bila kuzidisha, ni injini mbili zilizobebeshwa tanki moja la mvuke katikati, kila upande ukiwa na magurudumu na mitambo yake, zote zikitoa moshi katika bomba moja. Injini ya kawaida ikivuta hupiga midundo minne kwa kila mzunguko wa gurudumu, na midundo hiyo hailegei. Garratt ina pande mbili zisizoungana kwa chuma, hivyo moja huweza kuitangulia nyingine kidogo. Kwa dakika nzima zinapumua pamoja, midundo minne mizito. Kisha gurudumu la upande mmoja linateleza kidogo, na midundo inaanza kupishana, inakuwa kama wapiga ngoma wawili wanaotafutana, hadi inakuwa minane, hafifu na ya haraka, kabla haijakutana tena. Aliyekuwa kitandani Makongeni akisikiliza treni ikipanda kuelekea Kikuyu aliweza kuufuata mchezo huo hadi ukamezwa na mbali. Sijui muziki wa dansi wa Nairobi umechukua nini hapo, na sitadai kitu, lakini masikio ya waliokuwa wakipiga gitaa mitaa ile jioni ndiyo yaliyolala na Garratt usiku.

Sauti yenyewe ilikuja kulainishwa. Reli ya Afrika Mashariki ilizifunga injini zake nyingi bomba jipya la moshi lililobuniwa na mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, lenye mdomo mwembamba uliobanwa. Lengo lilikuwa kuokoa mafuta na kuongeza nguvu. Lakini moshi uliotoka kwa urahisi zaidi ulitoka pia kwa upole zaidi, na ule mlipuko mkavu wa zamani ukawa mpumuo.

Na wenyewe walioziendesha injini hizo? Katika safari ya Mombasa vikosi viwili vya madereva vilikwenda pamoja. Kimoja kikiendesha, cha pili kilipumzika katika behewa la kulala lililofungwa kwenye treni hiyo hiyo, na zamu ikifika wanabadilishana. Fikiria kazi ambayo usingizi wako wote unaulala ndani ya sauti unayoipigania ukiwa macho.

Abiria nao walikuwa na usiku wao. Treni ya Mombasa iliondoka jioni na kufika asubuhi, na kwa wa daraja la kwanza na la pili chakula cha jioni kilitangazwa na mhudumu aliyepita ujiani akigonga kengele ndogo za mbao na chuma. Wa daraja la tatu walisikia kengele hizo kwa mbali, wakafungua mifuko yao ya mihogo na mayai ya kuchemsha.

Lakini ipo treni ambayo sauti yake haikumliwaza mtu, na ukiisimulia historia hii bila kuitaja utakuwa unabembeleza wasomaji. Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, wanajeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa na kuchujwa Lang'ata. Waliotiliwa shaka walipakiwa katika treni na kuteremshwa Mackinnon Road na Manyani, kambi mbili za kizuizini zilizojengwa kando ya njia ya Mombasa. Manyani iko karibu na Tsavo, pale pale simba walipowahi kuitikisa kambi ya makuli. Kwa mama aliyebaki Bahati au Pumwani bila kujua mwanawe yuko wapi, kipenga cha treni inayoelekea pwani usiku kilikuwa na maana nyingine kabisa. Na dereva wa treni hiyo huenda alikuwa jirani yake. Mji mmoja, reli moja, kitanda kimoja cha mtoto anayelala na kingine cha mzazi anayekesha.

Baada ya uhuru injini za dizeli zilichukua nafasi taratibu. Dizeli haina mpumuo. Hunguruma kwa sauti moja, na honi yake hupigwa kwa hewa, hailii kwa mvuke. Watoto waliozaliwa miaka ya 1970 waliipenda honi hiyo vilevile, jambo linaloonyesha kuwa mapenzi hayakuwa ya mvuke. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli lililokuwa la nchi tatu likagawanywa. Mwaka uliofuata Shirika la Reli la Kenya likaanzishwa. Garratt za mwisho za daraja la 59 zilizimwa karibu mwaka 1980. Mbili zimebaki katika Makumbusho ya Reli: Mount Gelai na Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania. Jumuiya ilipokatwa vipande, hakuna aliyefikiria kuzirudisha injini hizo kwao.

Miongo miwili iliyofuata ilikuwa ya kuchakaa, nayo haihitaji maneno mengi. Malori yalichukua mizigo, reli ikakosa matengenezo, treni zikachelewa, nyingine zikafutwa. Novemba 2006 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni binafsi ya Rift Valley Railways, mkataba uliovunjwa mwaka 2017 bila yaliyoahidiwa kuonekana. Aliyekuwa akilala kwa treni tano akawa analala kwa mbili, kisha kwa moja isiyo na saa.

Katikati ya miaka hiyo ulikuja ukimya wa namna nyingine. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, vijana wa Kibera waliing'oa reli inayopita katikati ya mtaa wao. Waliitoa kwa mikono, vyuma na mataruma, wakijua vizuri walichokuwa wakikata: njia hiyo ndiyo ilipeleka mafuta na mizigo Uganda. Kwa siku kadhaa hakuna kilichopita. Kibera haijawahi kuwa mahali pa kimya, lakini katikati ya milio ya risasi na mayowe palikuwa na pengo saa zile ambazo treni ya mizigo ilizoea kupita, na watu waliokuwa wakiichukia kwa kuwaamsha waligundua kwamba walikuwa wakiitumia kama saa.

Aprili 2017 treni ya mwisho ya abiria ya reli ya zamani iliondoka Nairobi kuelekea Mombasa. Mwezi uliofuata, tarehe 31 Mei, Madaraka Express ilizinduliwa katika reli mpya ya kisasa. Stesheni yake kuu iko Syokimau, nje kabisa ya mji. Na reli zake zimeunganishwa kwa kuchomelewa, hazina maungio. Katika reli ya zamani vipande viliungwa kwa mabamba na bolti, vikaachiwa mwanya mdogo ili chuma kipate pa kutanukia wakati wa joto, na gurudumu likipita kwenye mwanya ndipo hutoka ile tak-tak, tak-tak ambayo watoto huigiza wakicheza treni. Reli mpya haina tak-tak. Inavuma tu kama upepo, inapita.

Reli hiyo ilipoendelezwa kuelekea Naivasha, ilivuka Mbuga ya Taifa ya Nairobi juu ya daraja la kilomita sita hivi, na daraja likawekewa vizuizi vya kupunguza sauti ili wanyama wasisumbuliwe. Sina neno na swala. Lakini watu wa Muthurwa na Makongeni hawakuwahi kuulizwa kama treni inawasumbua, na pengine wangeulizwa wangejibu kwamba kinachowasumbua ni kingine. Landi zao zilikuwa zimehamishiwa kwenye mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, na mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa, wengine wao wastaafu wa reli hiyo hiyo, waliamriwa kuhama. Maji yalikatwa na ubomoaji ukaanza. Walikwenda mahakamani, na Agosti 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa. Hukumu hiyo leo hunukuliwa na mawakili kila panapozungumzwa haki ya makazi, na huwa wanaisahau treni iliyokuwa ikipita nyuma ya nyumba hizo.

Reli ya zamani haijafa. Treni za abiria wa mjini bado zinakwenda Ruiru, Embakasi, Syokimau na Kikuyu, nyingine zikiwa magari ya dizeli yaliyonunuliwa yakiwa yametumika Uhispania, kisiwani Mallorca, na kuletwa mwaka 2020. Hayo yana honi nyembamba ambayo wazee wa reli huicheka. Kibera, wakazi wengi waliokuwa wamejenga juu ya njia walihamishiwa majengo ya ghorofa yaliyojengwa sambamba nayo, hatua chache tu. Wanawake wa mboga wamerudi kutandaza magunia yao kando ya mataruma kwa kuwa ndiko wateja wanakopita, na watu wanaotembea kwenda Industrial Area kuokoa nauli hufuata reli kabla hakujapambazuka. Kwa hiyo dereva wa treni ya alfajiri akiingia Kibera hushika honi na haiachi hadi atoke upande wa pili. Ghorofani wapo wanaolalamika kwamba inawaamsha watoto. Walioko chini wanataka aipige mapema zaidi, na kwa nguvu.